Rubani anayetua mapema kwa tahadhari asifanywe mkosaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nizungumzie jambo ambalo huku kwetu Lamu na Malindi husemwa kwa pupa kila linapotokea, kisha likasahauliwa kabla halijaeleweka. Kila ndege ndogo inapotua nje ya uwanja, iwe ufuoni, malishoni au kando ya barabara, ikavunjika gurudumu au ikapinduka, hukumu huwa imeshatolewa barazani kabla ya sala ya Alasiri: rubani ni mzembe, ndege ni kuukuu, na wenye kampuni wanapenda pesa kuliko roho za watu. Huenda mara nyingine hukumu hiyo ikawa na ukweli ndani yake. Hata hivyo, iko aina moja ya ajali ambayo hukumu hiyo huidhulumu, nayo ni ile inayotokea pale ambapo rubani, injini ikiwa bado inafanya kazi na ndege ikiwa bado inamtii, anaamua kutua mapema kwa tahadhari kuliko kuendelea na safari asiyoiamini tena, na katika kutua huko ndege ikaharibika. Ninaamini kwamba uamuzi wa rubani huyo unastahili kutetewa hadharani hata kama kutua kwenyewe kumekwenda vibaya, kwa sababu tukimwaibisha yeye, anayemfuata ataogopa kutua, na huyo wa pili ndiye atakayetufanya tuchimbe makaburi.

Nimefanya kazi kwa miaka mingi katika huduma za ardhini za viwanja vidogo vya ndege hapa Pwani. Nimepakia mizigo, nimeelekeza ndege kwenye maegesho kwa ishara za mikono, na nimesimama na mtungi wa kuzimia moto wakati injini zikiwashwa. Mimi si rubani, wala sisemi kwa niaba ya kampuni yoyote. Nilichojifunza nimekipata kwa kuwasikiliza marubani wakizungumza wao kwa wao wanaposubiri abiria, na kwa kuzisoma ripoti za wachunguzi wa ajali, ambazo wengi wetu hatuzisomi kwa kuwa hutoka wakati habari imeshapoa.

Wanaosomea urubani hufundishwa kuzitenganisha hali ambazo sisi watazamaji huzichanganya. Iko hali ya kulazimika, ambapo injini imezima na ndege haina budi kushuka popote ilipo; ikiwa chini ni bahari, itashuka baharini. Na iko hali ya tahadhari, ambapo ndege ingeweza kuendelea kuruka lakini busara inakataa: mawingu yameshuka kuliko ilivyotarajiwa, rubani ameipoteza njia, mafuta yamepungua kuliko alivyokadiria, shinikizo la oili linashuka polepole, injini imeanza kutetema, au jua linakuchwa na uwanja bado uko mbali. Mwongozo wa urubani unaotolewa na mamlaka ya anga ya Marekani unaeleza kwamba kutua kwa tahadhari kwa kawaida kuna hatari ndogo kuliko kutua kwa kulazimika, maana rubani ana muda wa kuchagua mahali na ana nguvu ya injini ya kusahihisha makosa yake. Mwongozo huo huo unasikitika kwamba hali nyingi mno zilizotaka tahadhari huachwa zikageuka kuwa za kulazimika, kwa kuwa rubani alitumaini tu kwamba mambo yangetengemaa yenyewe.

Nitoe mfano unaohusu hewa yetu hii ya mwambao. Ndege nyingi ndogo za injini moja zilizotengenezwa zamani, zikiwemo nyingi zinazotumika kufundishia, zina injini za kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta hunyonya joto, na hewa inapobanwa kwenye koo lake jembamba hupoa zaidi, hata joto la ndani likashuka kwa nyuzi 20 au zaidi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, barafu huweza kuganda humo siku ambayo sisi huku chini tunatafuta kivuli. Injini hupoteza nguvu kidogo kidogo, kisha ikaanza kutetema. Dawa yake ipo, nayo ni kishikio cha kupeleka hewa ya moto kwenye kabureta, na mara nyingi injini hurudia hali yake. Lakini kwa muda fulani rubani aliye peke yake na abiria watatu hawezi kujua kama anapambana na barafu, na maji yaliyoingia kwenye mafuta, au na kipande cha chuma kilichokatika. Ninaposikia mtu akiuliza kwa nini hakuvumilia dakika kumi akafika Manda, uwanja wetu wa ndege wa Lamu, hutamani aelezwe kwamba dakika hizo kumi zingekuwa juu ya mikoko na mikondo ya maji, mahali ambapo injini ikizima hakuna pa kuchagua tena.

Anayeruka kutoka Malindi hadi Manda hukata kilomita zipatazo 140 kwa mstari ulionyooka, mwendo wa kama dakika 40 kwa ndege ya injini moja. Abiria anayechungulia dirishani huona tambarare baada ya tambarare na hudhani kwamba ndege ingeweza kushuka popote. Anayeijua ardhi yenyewe anajua kuwa sivyo. Mashamba ya chumvi ya Gongoni na Kurawa yamekatwakatwa na matuta. Bonde la chini la mto Tana, kuelekea Kipini, ni udongo mzito ambao wakati wa mvua hushika gurudumu na kutoliachia, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa na kupitwa na makundi ya ng'ombe. Ukivuka huko unaingia kwenye msitu na mikoko. Kinachobaki ni ufuo, nao ufuo una masharti ambayo mgeni hawezi kuyasoma akiwa juu.

Sisi tuliokulia visiwani tunajua kwamba ufuo wa asubuhi sio wa adhuhuri. Mchanga mgumu ni ule ulioloweshwa na bahari kisha ukaachwa. Ule wa juu, mkavu, ulio karibu na vilima vya mchanga vya Shela, ni tifutifu, na gurudumu la mbele likiuingia hujichimbia, mkia ukainuka, na ndege ikalala chali. Hivyo ndivyo zinavyoharibika ndege nyingi ndogo zinazotua ufuoni, na mara nyingi waliomo hutoka wazima kwa sababu mikanda iliwashika na kasi ilikuwa ndogo. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hupwa mbali na kuacha uwanja mpana, kisha hurudi kwa haraka. Siku za maji mafu, bahari inapopwa na kujaa kidogo tu, ukanda mgumu huwa mwembamba hata bahari ikiwa imepwa yote iwezavyo. Kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa sita na dakika chache tu. Mvuvi wa Shela au wa Kizingitini analo hesabu hii kichwani tangu utotoni. Rubani aliyejifunza kazi bara hana, na sioni sababu kwa nini marubani wanaoajiriwa kuruka mwambao huu wasifundishwe majira ya maji kama wanavyofundishwa majira ya mvua.

Upepo nao una hukumu yake. Ndege hutua ikiuelekea upepo ili kasi yake juu ya ardhi ipungue. Tuchukue ndege ndogo inayogusa chini kwa kasi ya maili 50 za bahari kwa saa, na kusi inavuma kwa maili 15. Ikitua ikiukabili upepo, kasi yake juu ya mchanga itakuwa 35; ikitua na upepo mgongoni, itakuwa 65. Kwa kuwa nguvu ya kishindo huongezeka kwa mraba wa kasi, kishindo cha ile ya pili ni zaidi ya mara tatu ya kishindo cha ile ya kwanza, ingawa ni ndege ile ile, rubani yule yule na mchanga ule ule. Kwa hiyo rubani anayeonekana akiipita sehemu nzuri, akazunguka na kuja kutokea upande wa pili, hajachanganyikiwa. Anautafuta upepo, na kwa kuutafuta anaokoa watu.

Mizunguko hiyo ndiyo faida kubwa ya kutua injini ikiwa bado inaitika. Rubani aliyefundishwa vizuri hupita kwanza kwa kimo cha kama futi 500, pembeni ya mahali alipopachagua, akiangalia umbo lake, urefu wake na upepo ulivyo. Kisha hupita tena chini zaidi, akitafuta nyaya, mitaro, mawe, miti iliyokatwa ikaacha visiki, mifugo na watu. Huarifu kwa redio mahali alipo na anachokusudia kufanya. Huwaagiza abiria wakaze mikanda, waondoe vitu vyenye ncha mifukoni, na katika ndege nyingi ndogo hufungua kitasa cha mlango kabla ya kugusa chini, ili mwili wa ndege ukipindika mlango usikwame na kuwafungia ndani. Baada ya yote hayo ndipo anapokuja kutua. Aliyelazimishwa na injini iliyozima hana nafasi ya hata nusu ya mambo haya.

Tatizo ni kwamba mizunguko hiyo sisi huku chini tunaielewa kinyume. Ndege ikipita chini mara mbili, watoto wa kijiji hukimbilia pale pale inapopita, na watu wazima hutoa simu wakasimama katikati kupiga picha. Rubani aliyekuwa ameshapata mahali pa kutua hulazimika kupakataa, akaenda kutafuta pengine, mafuta yakipungua na jua likizama. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu dawa yake ni maelezo tu.

Mnamo tarehe 2 Agosti 2017, ndege ya mafunzo aina ya Cessna 152 iliyopata hitilafu ya injini ilitua kwenye ufuo wa Caparica, karibu na Lisbon nchini Ureno, siku ya kiangazi ambapo ufuo ulikuwa umejaa watu. Wawili waliokuwa ndani walishuka bila jeraha. Mtoto wa kike wa miaka 8 na mwanamume wa miaka 56 waliokuwa ufuoni walikufa. Julai 2014, huko Venice katika jimbo la Florida nchini Marekani, ndege nyingine ndogo yenye hitilafu ya injini iliwagonga baba na binti yake wa miaka 9 waliokuwa wakitembea ufuoni, na wote wawili wakafariki. Ndege isiyo na nguvu ya injini huja karibu kimya, na sauti ya mawimbi humaliza kile kidogo ambacho sikio lingekisikia. Ninazitaja ajali hizi mbili kwa kuwa zinaonyesha tofauti iliyopo kati ya kutua mapema na kutua umechelewa: anayetua injini ikinguruma anaweza kuwapitia watu juu ya vichwa vyao, wakamsikia, wakamwona, wakaondoka. Huku kwetu nako hatujasahau kwamba Januari 2025 ndege ndogo ilianguka Kwachocha, Malindi, kwenye barabara kuu iendayo Mombasa, na watu watatu waliokufa walikuwa chini, katika shughuli zao za kutafuta riziki. Kueleza chanzo cha ajali ile ni kazi ya wachunguzi. Mimi naitaja kwa heshima ya marehemu, na kwa sababu inatukumbusha kwamba usalama wa ndege ndogo haumhusu aliyekata tikiti peke yake.

Nije sasa kwenye lawama na madhara yake. Rubani anapofikiria kutua shambani au ufuoni, mbele yake huwa na mambo mengi yasiyohusu injini. Anajua kwamba ndege ikichubuka mwenye mali atataka maelezo. Anajua kwamba abiria watakasirika kwa kukosa harusi, mkutano au ndege ya kuunganisha Nairobi. Anajua kwamba picha ya ndege iliyolala chali itazunguka kwenye simu za watu kabla yeye hajaoga. Mambo haya ni mazito kweli kweli, na yamewahi kuua. Tarehe 26 Januari 2020, helikopta iliyombeba mchezaji mashuhuri wa mpira wa kikapu, Kobe Bryant, ilianguka kwenye vilima vya Calabasas, California, na watu wote 9 waliokuwamo wakafa. Wachunguzi wa Marekani walihitimisha kwamba rubani aliendelea kuruka kwa kutegemea macho akaingia mawinguni, akapoteza mwelekeo, na kwamba shinikizo alilojitwika mwenyewe pamoja na kung'ang'ania mpango wa awali vilichangia. Hiyo ilikuwa helikopta, chombo ambacho kingeweza kushuka mahali padogo kikasubiri mawingu yapite. Si ajabu kwamba chama cha waendeshaji wa helikopta kilicho na makao yake nchini Marekani kilianzisha kampeni nzima ya kuwahimiza marubani watue mapema wakiona dalili mbaya, na kuwahakikishia kwamba kufanya hivyo si aibu.

Hapa Lamu jambo hili halipaswi kuwa geni kwetu. Nahodha anayeona kusi imekaza, akaliingiza jahazi Kipini na kulala huko siku mbili akingoja bahari itulie, haitwi mwoga hata kama shehena imeharibika. Husemwa kwamba anaijua bahari. Na akikwaruza mkuku, ule uti wa chini wa jahazi, kwenye fungu la mchanga wakati wa kuingia, watu humsaidia kulisukuma kwanza, hesabu ya mbao hufanywa baadaye. Ninachoomba ni kwamba heshima hiyo hiyo apewe rubani. Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili, na gurudumu lililovunjika ufuoni, abiria wakatembea kwa miguu yao hadi kwenye boti, ni nusu shari.

Sisemi kwamba kila rubani anayetua kwa tahadhari hana kosa. Kama mafuta yalipungua kwa sababu hakuyapima kabla ya kuondoka, hilo ni kosa na lazima lisemwe. Kama aliambiwa kuhusu mvua ya Mei akapuuza, lisemwe pia. Kama kampuni ilimsukuma aondoke na ndege ambayo fundi alikuwa na wasiwasi nayo, basi na kampuni iulizwe. Lakini haya ni maswali mawili ambayo hayana budi kutenganishwa: ni nini kilichomfikisha kwenye hali ile, na alipokuwa tayari katika hali ile alifanya nini. Mtu anaweza kuwa alikosea saa tatu asubuhi akafanya la haki saa nne. Tukiyachanganya maswali haya tutakuwa tunamwadhibu kwa lile tendo moja ambalo tulitaka alifanye. Na kutua kwenyewe, kwa mahali asipopajua, kwenye mchanga ambao hakuwahi kuukanyaga, kunaweza kuharibika hata mikononi mwa rubani bora. Kuna wakati ambapo ndege inatolewa mhanga kwa makusudi: mabawa yakapigwa vichakani ili yapokee kishindo, bora sehemu wanapoketi watu ibaki nzima. Anayetazama picha ya mabawa yaliyong'oka huona maangamizi. Mchunguzi huangalia viti na mikanda.

Sheria za kimataifa zenyewe ziko upande wa tahadhari. Kanuni za anga zilizowekwa chini ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 zinampa rubani mkuu uamuzi wa mwisho kuhusu ndege yake, na zinamruhusu kwenda kinyume cha kanuni pale ambapo usalama unalazimisha kabisa. Kiambatisho cha 13 cha mkataba huo huo kinasema kwamba lengo pekee la kuchunguza ajali ni kuzuia nyingine, si kugawa lawama, na kinataka ripoti ya awali itolewe ndani ya siku 30, na ya mwisho, ikiwezekana, ndani ya miezi 12. Ombi langu kwa magazeti, likiwemo hili lako Mhariri, ni kwamba habari ya siku ya kwanza isijaribu kufanya kazi ya siku ya thelathini. Semeni ndege imetua wapi, watu wangapi wako salama, wangapi wameumia na wamepelekwa hospitali gani. Kisha siku ripoti ya awali inapotoka, ipeni ukurasa ule ule mlioipa picha ya mabaki, kwa maana msomaji aliyeogopeshwa na picha ana haki ya kupata maelezo.

Kwa wenzangu wakaazi wa fuo na vijiji, nina maneno machache ya kazi. Ndege ndogo ikizunguka chini juu ya mahali penye uwazi, ichukulieni kwamba inataka kutua hapo. Ondokeni katikati, nendeni pembeni, mbali na mstari inaoupita, chukueni watoto, ondoeni punda, ng'ombe na pikipiki. Msikimbie kufuata urefu wa ufuo, maana huko ndiko inakoelekea. Kimbilieni upande wa nchi kavu. Ikishasimama, msiikaribie kutokea mbele, kwa kuwa rafadha, yaani panga la ndege, inaweza kuwa bado inazunguka, na ikizunguka kwa kasi haionekani. Petroli ya ndege inayovuja huwaka upesi, kwa hiyo sigara na jiko viwe mbali. Watu wakiwa wananing'inia kwenye mikanda katika ndege iliyopinduka, shikeni uzito wao kwanza kabla ya kufungua mkanda, wasije wakaangukia shingo. Nimewaona watu wenye nia njema wakifanya kinyume.

Halafu kuna suala la mabaki, ambalo huku kwetu lina ugumu wa pekee. Sheria inataka mabaki yasiguswe, isipokuwa kwa kuokoa maisha, mpaka wachunguzi wafike. Lakini bahari haisubiri wachunguzi kutoka Nairobi. Ndege iliyolala kwenye mchanga mgumu wakati wa kupwa itakuwa majini kabla ya saa sita kupita, na maji ya chumvi yakiingia kwenye injini na vifaa, ushahidi huharibika. Utaratibu wa kimataifa unaruhusu ushahidi ulio hatarini kupotea uhifadhiwe kwa picha na njia nyingine. Basi tunahitaji afisa aliye hapa hapa Lamu, na mwingine Malindi, mwenye mamlaka ya kusema mara moja: pigeni picha pande zote, andikeni vishikio na swichi zilivyokuwa, kisha vuteni ndege juu ya alama ya maji ya bamvua. Bila mtu huyo, polisi huogopa kuigusa kwa sababu ya sheria, wavuvi huogopa polisi, na bahari huichukua mbele ya macho ya wote.

Ninaziomba serikali za kaunti za Lamu, Tana River na Kilifi zikae pamoja na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya na idara ya uchunguzi wa ajali za ndege, na ziwaite viongozi wa BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fuo, wa kila ufuo, kwa sababu hao ndio watakaofika kwanza kabla ya gari au boti yoyote ya serikali. Wakubaliane ni fuo zipi na viwanja vipi vya zamani vya bara vinavyofaa kutuliwa, na katika maji ya namna gani. Vichaka vifyekwe, matuta yasawazishwe, na orodha yake wapewe marubani pamoja na jedwali la maji. Wakubaliane nani apigiwe simu kwanza, boti ya wagonjwa itokee wapi, na majeruhi wa Kiwayu au Faza afikishwe vipi hospitali ya King Fahd mjini Lamu usiku. Gharama yake si kubwa ukilinganisha na ya kutafuta ndege iliyopotea kwenye mikoko.

Kwa wenye kampuni za ndege ndogo nina ombi moja tu, nalo ni kwamba waandike katika kanuni zao za kazi, na wawasomee abiria wao kama wanavyowasomea habari ya mikanda, kwamba rubani aliyetua mapema kwa tahadhari hatakatwa mshahara wala hatafukuzwa kwa sababu ya kutua huko. Nimezungumza na baadhi ya manahodha na wavuvi wa Shela kuhusu kuwafundisha marubani habari za kupwa na kujaa, na wamesema wako tayari kuitwa siku yoyote isipokuwa Ijumaa kabla ya sala.

Ni mimi msomaji wako,
Mkaazi wa Langoni,
Lamu